Kwa wewe unayeanza kazi ya kupakia raia kwenye helikopta

Ukipangiwa kwa mara ya kwanza kuhamisha raia kutoka mji mkuu uliozingirwa, utadhani kazi yenyewe iko angani. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipopewa upakiaji, kazi niliyoifanya na kuifundisha miaka mingi. Rubani akitua anakuwa shabaha isiyosogea, na hana zaidi ya dakika chache. Ukiwa hujapanga watu wako, dakika hizo zinaliwa na kelele za kuulizana nani atangulie.

Hesabu watu mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Usikubali kuambiwa "kama hamsini hivi". Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, vita vikiisha tarehe 29 na 30 Aprili 1975, watu wapatao 7,000 walitolewa kwa helikopta kwa muda usiofika siku nzima. Lakini katika ua wa ubalozi wa Marekani idadi ya waliobaki haikueleweka vizuri kwa wakubwa waliokuwa mbali. Helikopta ziliondoka zimejaa, na umati ukaonekana vilevile. Alfajiri ya tarehe 30 ikaja amri kwamba sasa wachukuliwe Wamarekani tu. Watu kama 420, waliokuwa wamekaa kwa utulivu wakingoja baada ya kuhakikishiwa kwamba hawataachwa, wakaachwa. Safari chache tu zaidi zingewamaliza. Kila ninapofundisha somo hili huwa nasimama hapo kwanza, maana wale hawakuvunja utaratibu wowote. Walitii, wakangoja.

Kwa hiyo nakuomba sana: usimwahidi mtu nafasi usiyo na mamlaka nayo. Mwambie, "Mama, jina lako limo kwenye orodha, nikipata habari yoyote nakuja kukuambia." Ni maneno mazito kumwambia mtu mwenye mtoto mgongoni. Yaseme hivyo hivyo. Akijua hali ilivyo, pengine bado ana muda wa kutafuta njia nyingine.

Jambo la pili ni kuhakikisha mahali. Januari 1991 Mogadishu ilikuwa imeelemewa na vita, serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ikianguka. Usiku wa kuamkia tarehe 5, helikopta mbili kubwa za aina ya CH-53E ziliruka kutoka manowari Trenton, zaidi ya kilomita 800 baharini, zikajaziwa mafuta angani gizani, zikiwa na walinzi 60. Taarifa za awali ziliuonyesha ubalozi wa Marekani mahali pake pa zamani karibu na pwani, ilhali ulikwisha kuhama. Hata baada ya kosa hilo kurekebishwa, marubani hawakuuona mara ya kwanza. Wakarudi upande wa bahari, kisha wakaja tena. Mwishowe watu 281 wa mataifa mengi walitoka salama. Ukiwa wewe ndiye uliye chini, thibitisha alama ya kutua kabla ya saa iliyopangwa, kwa sababu helikopta inaweza kuwahi.

Mizigo: mfuko mmoja mdogo, basi. Joto likipanda hewa huwa nyepesi na mashine hubeba pungufu, kwa hiyo sanduku la mtu mmoja linaweza kuwa nafasi ya mtoto. Kofia na mitandio ivuliwe. Watu wainame, wamfuate kiongozi, na wasikaribie panga la mkia kamwe.

Watoto tuliwaandika namba mkononi kwa wino. Kwenye zoezi moja nilimpokea msichana wa miaka kama minne, nikakigeuza kiganja chake nisome, nikakuta doa la bluu tu. Jasho lilikuwa limeifuta namba yote, na yeye kwa kelele za injini hakusikia nilipomuuliza jina. Mama yake alikuwa kundi la nyuma. Tangu siku ile natembea na vipande vya utepe wa kitambaa mfukoni. Namfunga mtoto kimoja na mzazi kingine, namba ileile, na hawapandi mpaka nimeziona zote mbili.