Usiamini rangi ya waya: stima ya mashini ya gemu ya zamani

Mashini yenyewe ni ile ya kusimama, ya kutia sarafu, ndefu kunishinda, ilikaa miaka na miaka kwenye ukumbi wa hoteli moja huku Malindi upande wa baharini mpaka hoteli ikafungwa na vitu vikauzwa. Nikaileta nyumbani Maweni kwa mkokoteni, nikachomeka, ikawaka, jioni ile ile watoto wa mtaa washajaa sebuleni. Siku ya pili mpwa wangu katoka kuoga, miguu bado ina maji, akashika kile kimlango cha chuma cha kutilia sarafu akaruka nyuma. "Mjomba, chuma chang'ata!"

Hapo kuna watakaokwambia mvalishe ndara mtoto aendelee kucheza. Tafadhali usifanye hivo. Chomoa plagi ukutani kwanza, kisha ndo uanze kuuliza.

Nilichukua multimita, kile kidude cha kupimia stima, nikachomeka mashini tena, watoto wote nje, nikapima kati ya kile kimlango na athi ya ukutani, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ikanipa volti 118. Karibu nusu ya stima yetu, manake yetu Kenya ni 240. Na hiyo nusu haiji kwa bahati. Mashini hizi pale waya unapoingilia zina kidude cha chuma, filta, ndani yake kuna kapasita mbili ndogo, vidude vya kushika chaji, moja yatoka kwenye laivu, waya unaoleta stima, na nyengine kwenye nyutro, waya wa kuirudisha, zote zakutana kwenye bati la filta, na bati limeshikana na vyuma vyote. Athi ikiwepo ule mvujo mdogo waenda zake ardhini wala huusikii. Athi ikikatika vyuma vyote vyabaki vinaelea katikati, nusu ya volti, na wewe uliye miguu chini ndo unakuwa athi. Mvujo wenyewe ni mdogo, wakuchoma tu, lakini ule mchomo ni habari: unakwambia athi haipo, na siku waya wa laivu ukichubuka ukagusa bati hautakuwa mchomo tena, itakuwa 240 nzima.

Basi nikafungua plagi. Waya wa athi umekatwa pale pale kwenye ganda, safi kabisa kwa mkasi, mtu alikuwa na kebo ya nyaya tatu akaona wa tatu wamsumbua.

Sasa nyuma, ndani ya kabati, ndipo mambo yalipo. Mashini imeundwa Marekani, ikapita Italia, ndo ikafika huku. Nyaya zake za asili ni nyeusi, nyeupe na kijani. Kebo ya kuingilia iliyobadilishwa baadaye ni ya kizamani ya Kiingereza, nyekundu, nyeusi na kijani. Aliyeziunga kafanya ambalo kila mtu angefanya, nyeusi kwa nyeusi, na nyekundu iliyobaki akaipeleka kwa nyeupe. Shida ni kwamba kwa Wamarekani nyeusi ndo laivu na nyeupe ndo nyutro, na kwa Waingereza wa zamani, ambao sisi tulirithi nyaya zao, nyekundu ndo laivu na nyeusi ni nyutro. Kwa hivyo laivu na nyutro zimepishana mashini nzima. Na kebo za siku hizi zina rangi nyengine tena, kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa manjano ni athi. Lugha tatu ndani ya sanduku moja la mbao.

Utasema gemu si yacheza, kuna tabu gani. Tabu ni kwamba fyuzi na swichi za hizi mashini ziko kwenye waya mmoja tu, ule wa laivu. Laivu na nyutro zikipishana, swichi inakata nyutro. Wazima, taa zazima, kioo chawa cheusi, wafungua mlango wa nyuma umejituliza, kumbe 240 imekungoja mpaka kwenye transfoma, ile ya kubadilisha volti. Na fyuzi ya ndani hivo hivo, laivu ikigusa bati stima yapita ardhini bila kuigusa kabisa. Tena kulikuwa na swichi ndogo ya mlango, ile ya kukata stima mlango ukifunguliwa, nayo imefungwa kipande cha waya ili isisumbue.

Kwa hivyo ushauri wangu ndo huu, na nausema kwa nguvu: rangi ni fununu tu. Plagi ikiwa imechomolewa na iko mkononi mwako, weka multimita kwenye mlio, ile alama inayolia pini zikiwa zimeungana, pini moja kwenye mguu wa plagi, nyengine ukifuata waya hatua kwa hatua, filta, kishikio cha fyuzi, swichi, mpaka transfoma, uchore kwenye karatasi. Mimi ilinichukua Jumamosi nzima na sijutii hata dakika moja.

Kabla sijasahau, monita usiiguse. Ile tyubu ya kioo yabeba volti zaidi ya elfu 20 nyuma pale kwenye kikombe cha mpira, na ile kapasita kubwa ya bodi yake hubaki na chaji hata ukishachomoa. Mimi kazi yangu iliishia kwenye waya unaoingia monita, vilivyobaki nilimwachia mzee mmoja fundi wa redio na tivi, akaniambia "mwanangu, hii tivi tu, lakini bodi yake yenyewe ina stima, usije ukairusha transfoma ukaiunga moja kwa moja". Nyingi za monita hizo zategemea transfoma izitenganishe na stima ya ukutani, kwa hivyo usiipite hata kama umeambiwa ni njia ya mkato.

Hiyo transfoma nayo soma maandishi yake. Yangu ina vituo vya kuungia waya, vya volti 0, 100, 120, 220 na 240, na waya ulikuwa bado kwenye 220 tangu Italia. Piga hesabu, ukiipa 240 kwenye kituo cha 220 monita iliyotaka 120 yapata karibu 131 kutwa kucha. Ndo maana ilikuwa yachemka. Kuhamisha waya mmoja hadi 240, dakika mbili.

Nilipoanza kuunga upya nilitupa kebo yote ya zamani nikanunua mpya ya nyaya tatu ya milimita 1, kahawia kwa nyeusi, buluu kwa nyeupe, athi kwa athi. Vishikio vyote vilikuwa na kutu ya kijani, hewa ya chumvi hapa petu haina huruma na kusi likivuma ndo zaidi, nikavikata nikabana vipya kwa koleo la kubania. Athi nikaifunga kwa kishikio cha duara na skrubu, rangi ya bati nimeikwangua mpaka chuma king'ae, kisha waya kutoka hapo kwenda kimlango cha sarafu, kwenda bati la joistiki, kwenda fremu ya monita, kila chuma ambacho mkono waweza kukigusa. Ndani ya plagi uache waya wa athi mrefu kushinda wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kutoka. Fyuzi ya plagi nikatoa ya ampia 13, hiyo ni ya birika na pasi, nikatia ya 5. Ya ndani kibandiko kimesema 3 kwa volti 120, 1.5 kwa 240, ya kukawia kukatika, na hiyo ndo nilitia.

Kisha pima kabla ya kuwasha. Mguu wa athi hadi kila chuma, isizidi omu 1. Laivu hadi athi, isipite kitu. Swichi ikizimwa, laivu isifike transfoma. Mara ya kwanza kuwasha niliweka balbu ya zamani ya wati 60, si LED, ikae njiani kwenye laivu, monita na pawa saplai nimezichomoa, balbu ikamweka mara moja ikafifia. Ingebaki inawaka kwa nguvu ningejua kuna shoti.

Ukuta pia uupime. Laivu na athi ikupe karibu 240. Soketi yangu moja athi yake ilikuwa imechomoka nyuma ya kibao, hiyo nikamwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Nimepima tena kimlango, volti 0. Ndani ya mlango wa nyuma nimebandika ule mchoro, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: HAPA NYEUSI NI LAIVU, TRANSFOMA IKO 240, FYUZI 1.5. Atakayeifungua baada yangu ataikuta.