Waongozaji wapya wa Roma, jina lililoandikwa juu halitoshi

Wadogo zangu, jana nilikaa Piazza della Rotonda nikiwasikiliza. Mmoja baada ya mwingine mlinyoosha mkono kwenye jina la Agrippa, jemadari wa Kirumi, juu ya nguzo za Pantheon, lile hekalu la kale, mkawaambia wageni ndiye aliyelijenga. Sauti nzuri, kikundi kimetulia, na habari si sahihi. Naipenda kazi hii, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

1. Pantheon. Agrippa alijenga kweli, enzi za Kaisari Augusto, lakini hekalu lake liliungua mwaka 80, na lililofuata likaungua mwaka 110. Hili tunaloingia lilikamilika karibu na mwaka 126 chini ya Kaisari Hadrian, naye akaliacha jina la Agrippa mbele. Tumejuaje? Kwa matofali. Wafyatuaji wa Roma waligonga mihuri kwenye tofali bichi, na mingine hutaja makonsuli, yaani viongozi wakuu wa Roma, wa mwaka ule. Mwaka 1892 msanifu Mfaransa, Georges Chedanne, alizichunguza kuta na kukuta mihuri ya karne ya 2. Simulieni hilo! Mgeni amepanda ndege kuja kutazama kuba yenye upana wa mita 43; mpeni na namna ukweli ulivyopatikana. Kisha mwambieni kwa nini limebaki zima: mwaka 609 lilifanywa kanisa. Hata hivyo halikusalimika lote, maana karne ya 17 Papa Urbano VIII aling'oa shaba ya barazani.

2. Tiketi ya Colosseum inaingia pia Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino. Nunueni mapema.

3. Ndani ya Forum mnakimbia mno. Simameni mbele ya hekalu la Kaisari Antoninus na mkewe Faustina, mtazame mlango wa kanisa la San Lorenzo in Miranda, lililojengwa ndani yake, unavyoning'inia juu, hakuna ngazi inayoufikia. Mama mmoja wa Mombasa aliniuliza, "Sasa hawa waumini walikuwa wanapitia wapi?" Kikundi kizima kikageuka. Mlango ule ulikuwa usawa wa ardhi. Udongo wa karne nyingi ulikuwa umelifunika Forum mpaka hapo, wachimbaji wakaja kuuondoa. Swali la mama yule lilifundisha kuliko tarehe zangu zote.

4. Jumatatu makumbusho ya Palazzo Massimo hufungwa. Maji ya bomba za mtaani, nasoni, ni salama. Mgeni abebe chupa.

5. Sanamu ya Marcus Aurelius, kaisari mwanafalsafa, iliyoko uwanjani kwenye kilima cha Campidoglio ni nakala. Msiishie hapo, ingieni makumbusho ya hapohapo, Musei Capitolini, mkamwone mwenyewe, juu ya farasi wake wa shaba. Sanamu nyingi za makaisari za aina hiyo ziliyeyushwa. Huyu alisalia kwa sababu Wakristo walidhani ni Konstantino, kaisari wa kwanza Mkristo. Anzeni na habari hiyo, falsafa yake ifuate baadaye.