Mpe Mchicha Wake, Ila Usimmwagilie

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina watoto wawili, tunaishi Tabata nyumba ya kupanga, uani tuko wapangaji wanne. Wa kwanza ana miaka 10 yuko darasa la nne, alikuwa mchangamfu balaa ila mwaka huu akitoka shule ni tuisheni, akitoka tuisheni ni simu yangu, ukimnyang'anya analia mpaka anatapika. Alafu kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, hospitali wamempima hana kitu. Mwalimu mmoja kaniambia mpe hata mboga apande, akili itulie. Baba yake kanijia juu, eti halipi ada mtoto akalime, na majirani nao wataniona namtumikisha. Na eneo lenyewe sina, uani ni sementi tupu. Nifanyeje?
Mama Wawili, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mchicha tuanze na hilo tumbo, maana tumbo linalouma Jumapili tu alafu Jumamosi halipo, hilo linaijua ratiba ya shule. Kuna kitu kule. Inaweza kuwa mtihani wa upimaji unamtisha, inaweza kuwa viboko, inaweza kuwa kuna mtoto mkubwa anamnyang'anya hela, au mtu mzima anamfanyia ambayo hawezi kuyasema. Usimkalishe kwenye kochi ukamwambia haya niambie, hatasema. Mpe ungo mchague mchele wote, we macho yako kwenye mawe tu, utashangaa anavyoongea. Ukisikia kitu kizito piga 116, ni simu ya watoto ya bure, na hapo usinisubiri mimi wala mchicha.

Sasa baba yake. Mi namuelewa kabisa, yani sisi wengi jembe tulilijua kama adhabu, ukichelewa namba unamwagilia bustani, ukipiga kelele unachimba shimo la taka, mchicha ukikomaa unauona unaingia nyumba za walimu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba na faida yake waione, ila huku chini shule nyingi wakabakisha kiboko na jembe tu. Kwaiyo mwambie mumeo hulimishi mtoto, unampa kitu kiwe chake. Na usije ukathubutu kumwambia "umefeli hesabu, nenda kamwagilie", siku hiyo umeharibu kila kitu.

Eneo unalo, ni dumu. Chukua lile la lita 20 lililopasuka, lilaze, kata ubavu wa juu, toboa matundu chini, weka udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, achanganye na mchanga mkavu kwanza ndo amwage, zisirundikane sehemu moja, afukie kidogo tu. Siku 3 mpaka 5 zinachomoza, na wiki 3 au 4 hivi mnakula. Ndo maana sikwambii mwembe, mtoto wa miaka 10 hawezi kusubiri mwembe. Dumu achague yeye, pa kuliweka achague yeye, ila ongea kwanza na wapangaji wenzio maana uani ni kwa wote. Hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipoanzisha kile kikundi cha vijana cha Roots & Shoots hapahapa Dar mwaka 1991, na wanafunzi 12 tu, mpango ulikuwa vijana wenyewe waseme watafanya nini.

Sehemu ngumu ni yako wewe mama. Asubuhi kabla ya kidumu na fagio la shule anamwagilia, jioni tena, na siku akisahau USIMMWAGILIE. Utauona mchicha umelala kama nguo iliyoloa, mkono utakuwasha kushika kopo, acha. Akirudi aukute vile. Kaka yangu ana binti, walimpa tetea aliyekuwa anaatamia, akawa anaweka alama kwenye kalenda ukutani mpaka siku ya 21, vikatoka vifaranga tisa. Wiki hiyohiyo wakavifungulia uani bila kuvifunika, kunguru wakabeba viwili. Mtoto akalia usiku kucha, kaka akataka kwenda sokoni kununua vingine kimyakimya avichanganye, nikamkatalia. Kesho yake asubuhi binti kaamka kabla ya mama yake, kaomba chandarua kibovu na kamba, kavifunikia mwenyewe huku katoa ulimi pembeni kama fundi. Simu aliiona imelala mezani akaipita.

Simu ya kwako usiikate kwa mkupuo, atakuchukia bure. Muwekee muda wake baada ya kumwagilia, na tuisheni punguza hata siku mbili akacheze chini na wenzie. Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto wa umri wake anahitaji kwa wastani angalau dakika 60 za kukimbiakimbia kwa siku, we mwanao anazipata saa ngapi?

Majirani waache waseme, mchicha ukizidi atawauzia fungu fungu, hela yake usiikope. Na siku akikuletea konzi ya kwanza, hata iwe na mchanga na mizizi yake, osha, pika jioni hiyohiyo, na mtoto mwenyewe ndo ampakulie baba yake.