Usiseme "Wezi", Omba Vocha

Jumanne iliyopita nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimekalia gunia la dagaa, nasubiri wapagazi wamalize kubishana bei, ujumbe ukaingia kwenye simu. Kijana wa Ukerewe.

"Shikamoo kaka. Zahanati yetu imekwama kwenye lenta huu mwaka wa tatu na tunasikia hela zililetwa. Nimpigie mbunge, niende TAKUKURU, au nisubiri ripoti ya CAG?"

(CAG ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na TAKUKURU ni taasisi ya kupambana na rushwa.) Nikaisoma mara mbili. Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, ila swali lilinigusa pabaya. Miaka ya nyuma kijana huyo nilikuwa mimi, tena mimi sikumuuliza mtu, nilijiona najua. Kwa hiyo jibu lake liko hapa. Litakuwa refu, mnivumilie.

Nieleze kwanza nilivyoambukizwa. Novemba 2014, sakata la Tegeta Escrow, lile la mabilioni ya umeme yaliyochotwa kwenye akaunti ya Benki Kuu. Kibanda cha chai karibu na mizani kilikuwa na redio ndogo iliyofungwa waya badala ya antena, na siku Zitto Kabwe aliposimama kama mwenyekiti wa PAC, ile Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kuwasilisha ripoti ya kamati yake, mwalo ulinyamaza. Wapagazi walitua mizigo. Ilipotajwa bilioni 306, mama muuza uji akauliza bilioni moja ina sifuri ngapi. Tukaziandika kwa mkaa kwenye ubao wa mizani, tukakosea, tukafuta, tukakosea tena. Yule mama alitazama zile sifuri akasema, "Hizi ni punje za dagaa, siyo hela."

Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu. Mimi nikaamini kabisa kwamba Bunge likikunja uso, nchi inanyooka. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, na redio ya kibandani ikarudi kwenye mpira na bongofleva. Lakini mimi moto ulikuwa umeshawaka.

Sasa twende kwenye aibu.

Mwaka 2017, kijiji cha mwambao nilikozaliwa, ng'ambo ya maji, kilikuwa na boma la madarasa mawili. Kila kaya ilitoa elfu kumi. Mimi niko mjini, nikatuma yangu na ya mama. Vijana walisomba mawe, kina mama wakabeba mchanga kutoka ufukweni kwa ndoo na mabeseni, kichwani. Boma likasimama, Serikali ikaleta fedha za kumalizia, ubaoni pakabandikwa karatasi: saruji mifuko 120. Miezi ikaenda, bati hakuna.

Nikafunga safari na daftari langu. Daraja la Kigongo–Busisi tunalopita leo, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa halijaanza hata kujengwa, kwa hiyo nilisubiri kivuko Kigongo kama saa mbili, na muda wote huo nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Kimoyomoyo nilikuwa nishakuwa mwenyekiti wa PAC.

Kijijini fundi alinionyesha mifuko mitupu, ameifunga kamba ya nailoni nyuma ya choo cha shule. Ndiyo kawaida ya mafundi wenye akili, mfuko mtupu ni shahidi. Nikaifungua mmoja mmoja mpaka nywele zikawa nyeupe kwa vumbi. Sabini na minne. Nikarudia. Sabini na minne. Mia na ishirini ukitoa hiyo, arobaini na sita haipo.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nikanyoosha mkono, nikapewa nafasi, nikasema: "Mifuko 46 imeliwa. Ninyi ni wezi." Makofi! Sitadanganya, zile dakika mbili sijawahi kupata nyingine tamu kama zile.

Mwenyekiti, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mdogo, hakupaza sauti. Akafungua faili, akavaa miwani, akasoma muhtasari wa kamati ya ujenzi: mifuko 40 imekopeshwa nyumba ya mwalimu, saini tano. Mifuko sita iliganda kwa mvua, imeandikwa na tarehe. Akafunga faili. "Mwanangu," akasema, "hesabu za huko mjini ndizo hizi?"

Watu walicheka hadi kuku wakakimbia. Aliyecheka kuliko wote ni mwenzangu wa darasa la nne, ambaye nilimlipia nauli ya kwenda Geita kutafuta kazi. Nimesamehe, lakini sijasahau, na anajua. Mama yangu alikuwa ameinama anachora chini kwa kijiti. Nikatakiwa kuomba radhi mbele ya mkutano. Nikaomba.

Miezi iliyofuata sitawachosha nayo, nilikuwa siendi nyumbani, basi.

Karibu mwaka ukapita, akaja mkaguzi wa ndani kutoka halmashauri, dada mmoja mpole, mkoba wake wa plastiki. Hakuuliza saruji. Aliuliza: mchanga ulifikaje hapa? Kwenye faili kulikuwa na vocha, ile karatasi ya kuidhinisha malipo, ya tripu kumi na nne za lori la mchanga, zimelipwa. Mchanga uleule ambao mama yangu aliubeba kwa beseni! Hakuna risiti ya lori, hakuna hati ya kupokelea mzigo. Akaandika hoja ya ukaguzi, yaani dosari inayotakiwa kujibiwa: malipo yasiyo na viambatisho. Fedha zikarejeshwa kidogokidogo, na mwaka uliofuata bati zikapanda paani.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Vocha ile ilikuwa kwenye faili lilelile lililofunguliwa mbele yangu. Kama ningeomba kuliona badala ya kuhutubia, ningeikuta. Ila nilishasema "wezi". Ukishalisema hilo neno, mkutano unaacha kuzungumzia hela na kuanza kuzungumzia neno.

Tena siyo kijijini tu. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, aliulizwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini hoja zake hazifanyiwi kazi, akasema huo kwake ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita kwenye kamati ya maadili, na Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huohuo nafasi ikachukuliwa na Charles Kichere. Mimi naona Profesa alisema kweli, na ninyi mna haki ya kuona vingine. Lakini kumbukeni tulibishana miezi mingapi juu ya neno "udhaifu", na wangapi kati yetu walifungua ripoti zenyewe. Mimi mwenyewe sikufungua.

Basi kijana wangu wa Ukerewe, kuhusu kusubiri ripoti ya CAG: soma kalenda kwanza. Katiba, Ibara ya 143, inampa CAG kazi ya kukagua, na Rais anapokea ripoti mwishoni mwa Machi. Aprili inatua bungeni. Halafu zinaingia kamati: PAC kwa wizara na Serikali Kuu, LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, kwa halmashauri. Ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22 ilitua Aprili 2023, na mjadala bungeni ukafanyika Novemba 2023. Maana yake shilingi iliyotumika Julai 2021 ilijadiliwa baada ya miaka miwili na zaidi. Fundi ameshahama, mtendaji amehamishwa, saruji imeshakuwa ukuta wa mtu.

Na kamati haimwiti mwenyekiti wako wa kijiji. Inamwita afisa masuuli, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi. Yeye anakuja na majibu ya hoja kubwakubwa. Boma lako la lenta ni mstari ndani ya jedwali, kama limebahatika kuingia kwenye sampuli. Sisemi kamati hazina kazi, nasema usikae kitako kuzingoja.

Jingine linalowapumbaza watu ni hii "hati safi". Diwani akisimama kujisifu kwamba halmashauri imepata hati safi, watu wanadhani hakuna kilicholiwa. Jina lake halisi ni hati inayoridhisha, na inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi hela imetumika vizuri. Halmashauri yenye hati hiyo inaweza kuwa na kurasa za hoja nyuma yake. Ruka ukurasa wa pongezi, nenda kwenye hoja. Ripoti ziko bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, tatizo letu tunasubiri mtu atutumie kipande kilichozungushiwa duara jekundu kwenye WhatsApp.

Na ujue ripoti ikipiga, inaweza kumpiga asiye na kosa. Ukaguzi ulipoonyesha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina marejesho mazuri na kuna vikundi vya mashaka, Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba inasitishwa. Dada yangu na wenzake wanne walikuwa wamerejesha mkopo wao wa kwanza wa dagaa mpaka shilingi ya mwisho, wanangoja wa pili. Walingoja mpaka 2024. Nani aliwaomba radhi? Waliokula na kikundi hewa walikuwa wamekula. Ndiyo maana nasema hela ilindwe ikiwa bado kijijini, mnakofahamiana sura, maana ikifika Dodoma kama hoja, dawa yake inanyweshwa wote.

Sasa ufanye nini. Andika barua, siyo ujumbe wa simu. Taja kitu kimoja tu: "Naomba kuona vocha na hati za kupokelea za ujenzi wa zahanati." Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri! Mtu asiye na muhuri ni mpiga kelele, nawaambia kwa machungu. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe hapo. Nenda hata kama kuna mazishi ya jirani, kaage mapema. Usiende peke yako, nenda na mama mmoja anayeheshimika, kwa sababu kijana wa mjini akiuliza ni siasa, bibi akiuliza ni swali.

Uliza, halafu kaa. Usihutubie. Uliza kila kitu kimoja kilifikaje pale, hasa vile ambavyo wananchi walivibeba wenyewe. Wakijibu vizuri, shukuru kwa sauti ileile. Wasipojibu, barua ya pili kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani na mkaguzi wa ndani. Ukifika kwa mbunge au TAKUKURU ukiwa na karatasi tatu zenye mihuri, utapewa kiti. Mimi nilikwenda na daftari na hasira, hata maji sikupewa.

Na neno "wezi" lifungie stoo. Najua linawasha ulimini. Wapo watakaokuambia wewe ni mwoga, umenunuliwa, mbona huwataji. Hao ndio wapiga makofi wa dakika mbili, na dakika ya tatu ndio wachekaji. Nimewaona kwa macho yangu.

Baba mdogo bado ni mwenyekiti. Desemba nilipokwenda nyumbani aliniita uani, akatoa leja ya stoo mwenyewe, akasema, "Kagua, Mheshimiwa, kabla hujatuletea mkutano." Sikujua kama ananikejeli. Niliikagua yote, na kwenye ukurasa wa misumari nikamwonyesha jumla iliyokosewa. Akaikata, akaandika upya, akatia saini.

Kijana wa Ukerewe kanitumia picha jana usiku. Barua yake, mwandiko wa kalamu ya bluu, nakala imepokelewa. Muhuri umegongwa kichwa chini. Anauliza kama utafaa. Nimemwambia asijaribu kuurudisha wabadilishe, auweke kwenye mfuko wa nailoni usilowane kwenye boti.