Unga wa Metali: Kabla Hujaupeleka Kiwandani

Nimetengeneza unga wa metali kwa miaka kadhaa, kwanza katika maabara ya utafiti, kisha upande wa uzalishaji. Njia yetu ilikuwa kuyeyusha aloi na kuisambaratisha kwa gesi ya agoni yenye shinikizo kubwa hadi ikagande ikiwa matone madogo ya mviringo. Kwa mtafiti anayetaka kazi yake ifike kiwandani, neno langu la kwanza ni hili: usihesabu unga mzuri ulioupata, hesabu metali yote uliyoitia tanuruni.

Mashine za uchapishaji wa 3D zinazotumia leza kwa kawaida huhitaji chembe za mikromita 15 hadi 45, na zile za boriti ya elektroni hutumia za 45 hadi 106. Mkupuo mmoja, yaani kuyeyusha na kupuliza gesi mara moja, hata hivyo, hutoa chembe za kila ukubwa. Katika ripoti za utafiti tulionyesha picha za hadubini za sehemu iliyokwisha kuchekechwa, na zilipendeza kweli, lakini kiwanda hulipia umeme, gesi na malighafi ya kilo zote. Kwa hiyo tafuta mapema mahali pa kupeleka mabaki: chembe nyembamba zaidi zinafaa kufinyangwa kwa kuchanganywa na plastiki na kusukumwa kwenye kalibu, na nyingine kubwa zinafaa kuongezea metali juu ya vipuri vilivyochakaa.

Jambo lililotuumiza zaidi lilikuwa nozeli, yaani tundu ambamo metali iliyoyeyuka hutoka kukutana na gesi. Katika tanuru dogo metali ilitiririka bila shida. Tulipojenga kubwa, mdomo wa nozeli ukawa mbali kidogo na koili ya kupashia joto, nasi hatukulitilia maanani. Gesi hupoa inapopanuka, na hapo inapotokea ndipo mdomo ulipo. Kupitia dirisha la tanuru tuliuona mkondo mwekundu ukikonda, ukapinda upande mmoja, kisha ukaganda, na metali iliyobaki ikagandia ndani ya chungu. Kuongeza joto la metali hakukusaidia kama kusogeza koili. Tangu hapo siamini kwamba kukuza mtambo ni kuzidisha vipimo tu. Kila sehemu inayopoteza joto inastahili kukokotolewa upya.

Pili, pima kila mkupuo kwa namna ileile na uweke sampuli yake. Gramu 50 za unga zikipita kwenye faneli ya Hall, yenye tundu la milimita 2.5, utajua kama unatiririka. Unga wenye unyevu, au wenye vichembe vilivyong'ang'ania chembe kubwa, husita au hukwama kabisa. Kwa aloi ya titani ya Ti-6Al-4V fuatilia oksijeni, kwa kuwa daraja la 5 la aloi hiyo huruhusu isizidi asilimia 0.20 na daraja la 23 asilimia 0.13, na unga unaorudiwa kutumika huzidi kuinyonya.

Usalama nao usingoje mtambo mkubwa: unga mwembamba wa titani au alumini ukitimka hewani unaweza kulipuka, hivyo unganisha vyombo vyote na ardhi, ili umeme tuli usitoe cheche, tangu siku za maabara.

Mwisho, zungumza na mnunuzi kabla ya kuagiza tanuru. Mwombe akuonyeshe mikupuo aliyoikataa na sababu zake, kisha umpe sampuli kutoka mikupuo mitatu tofauti, si kutoka ule mmoja uliotoka vizuri kuliko yote.