Wiki 11 kabla ya UACE (mtihani wa kidato cha sita Uganda), unataka udaktari wa meno na bado unaahirisha: yangu ilikuwa hivi

Dada uliyeandika jana usiku, nimesoma posti yako mara mbili. Uko S6 (kidato cha sita), kombi ni PCB (fizikia, kemia, biolojia), umebakiza wiki 11, unataka udaktari wa meno pale Makerere, kila siku ni "kesho naanza", usiku uko na simu mpaka saa nane alafu asubuhi unajichukia. Na ukasema ogani kemia (ile kemia ya kaboni) unairuka kabisa, ukifungua hizo kurasa unasikia tumbo. Waliokujibu wamesema jitume, zima data, muombe Mungu. Sawa, muombe. Lkn mimi huo mtihani nimeufanya mara mbili na mara ya kwanza ulinimaliza, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu kidogo, leo sina wagonjwa.

Mimi ni wa Busia, upande wetu wa Uganda, Sofia pale karibu na mpaka. Mama anauza mukene (dagaa) na nguo za mtumba, wateja wake nusu wanatoka ng'ambo Kenya, ndio maana nyumbani tumekua na Kiswahili. S6 ya kwanza nilimaliza 2013 kwenye shule ya kutwa, na ukiuliza mtu yeyote pale mtaani alikuwa anasema yule kijana anasoma sana. Mama alikuwa anawaambia majirani wapunguze redio, daktari anasoma. Na kweli saa tatu usiku ulikuwa unanikuta mezani.

Nafanya nini mezani sasa. Nanakili noti. Nilikuwa na taimtebo ya rangi nne ukutani, na hiyo taimtebo niliichora upya labda mara sita mwaka ule, kila nikishindwa kuifuata naona tatizo ni taimtebo, nachora nyingine. Noti zote za biolojia za S5 nilizihamisha kutoka daftari la kawaida kwenda kauntabuku, vichwa kwa wino wa kijani, michoro kwa penseli nzuri, figo nilichora mpaka mwalimu akaniomba aonyeshe wengine. Term ya pili nzima iliisha hivyo. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) hata moja sikuwa nimeandika kwa saa. Zilikuwa pale chini ya godoro, nilizinunua mwenyewe kwa hela yangu, nazitoa, naangalia maswali, nasema hii najua, hii najua, hii nitarudia, nazirudisha chini ya godoro. Hapo ndio palikuwa na ugonjwa wenyewe dada yangu. Mimi sikuwahi kuahirisha kusoma, nilikuwa naahirisha kuonyeshwa nisichojua. Noti ukiinakili haiwezi kukuambia umekosa. Pepa inakuambia, tena kwa wino mwekundu.

Kitu kingine nilichokuwa napenda ni GP (General Paper, somo la insha). Insha za rushwa, ukosefu wa kazi, vijana na siasa, naandika kurasa tano navimba kichwa. Sasa ngoja nikuonyeshe huo ujinga kwa hesabu, maana hii hakuna aliyenikalisha akanielezea na ndiyo ilikuja kunibadilisha kuliko maneno yote ya kutiwa moyo. Makerere hawajumlishi pointi kama tunavyojumlisha huku mtaani eti fulani kapata 15 fulani kapata 17. Wanapima uzito. Kwa kozi ya meno enzi zangu biolojia na kemia ndizo za lazima, kila moja inazidishwa mara 3. Somo la tatu, kwangu fizikia, mara 2. GP na ile sabu (somo dogo la subsidiary) zinahesabiwa mara 1, na zenyewe ukifaulu ni pointi 1 basi, uandike insha ya malaika au ya kawaida ni 1. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3. Juu yake wanaongeza vipointi vya matokeo ya S4, na wasichana walikuwa wanaongezewa 1.5, hiyo ya kwenu furahini.

Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2014 nikawa na biolojia C, kemia D, fizikia C. Yaani 12, 9 na 8, weka GP na sabu, 31. Mwenye A zote ni 50 kabla ya vile vya S4. Nikakaa na kikokotoo cha simu pale kibanda cha mobile money, nikaona kama ile D ya kemia peke yake ingekuwa B, bila kugusa kitu kingine, napanda pointi 6. Sita! Na mimi mwaka mzima nalala na GP ya pointi moja. Banange nilicheka nikiwa nataka kulia.

Mama akasema si mbaya, nenda ualimu. Ualimu si mbaya kweli. Lkn tuna mdogo wetu wa kike ambaye akiwa mtoto mchanga alipata homa na kuharisha, bibi mmoja akasema ana ebinyo, akamtoa vijino vya chonge kwenye ufizi vikiwa bado havijaota, kwa spoku ya baiskeli, na meno ya ukubwani yakaja ovyo, upande mmoja halikuota kabisa. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono mpaka leo. Wengi hapa mnajua hiyo kitu. Mimi meno nilikuwa nayataka kwa sababu hiyo, sikuwa nayo nyingine. Kwa hiyo nikasema narudia.

Hata kujiandikisha kurudia niliahirisha. Nacheka sasa lkn ni kweli, nilijua lazima nitafute senta inayopokea watahiniwa binafsi wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda), nikasema wiki ijayo, wiki ijayo ikaja, mwisho nikalipa na ile nyongeza ya waliochelewa, hela ya mama ya mukene, na mama hakusema kitu, afadhali angenitukana. (Sijui wewe uko shuleni au unarudia, kama unarudia nadhani hilo ulishapita.)

Kilichoniokoa ni mzee mmoja mwalimu mstaafu wa kemia, anakaa njia ya kwenda Tororo, mkali, anatembea na baiskeli nyeusi. Rafiki yangu ndiye alinipeleka. Nikadhani atanifundisha. Hakunifundisha. Akaniuliza, "Kijana, unataka coaching au unataka kusahihishwa?" Nikasema vyote. Akasema coaching anachoka, kusahihisha ni 2,000 kwa pepa, na sheria yake ni moja tu: pepa yako iliyosahihishwa hupati mpaka ulete nyingine mpya. Karatasi kwa karatasi. Ukikaa mwezi bila kuleta, yako inakaa kwake mwezi, hujui umepata ngapi.

Unaona alivyonifunga? Uoga wangu wote ulikuwa wa kuona alama. Sasa nikishaandika moja ile hamu ya kujua inanitafuna, na njia pekee ya kuipata ni kuandika nyingine. Uoga na udadisi wakawa wanapigana, na udadisi mara nyingi ulishinda, mara nyingi nasema, si zote. Wiki ya kwanza nilimwambia mwalimu bado sijajiandaa, acha nisome kwanza ogani ndio nikuletee. Akasema, "Leta hata iliyo tupu, nitaweka sifuri. Sifuri naweza kuisahihisha." Nikapeleka. Nilipata 19 kwa mia. Kumi na tisa, na noti za wino wa kijani nyumbani!

Mfano mdogo wa nilivyokuwa najidanganya. Swali linasema onyesha jinsi ya kutoka ethanoli kwenda asidi ya propanoiki. Kwenye kauntabuku reaksheni zote za hiyo njia nilikuwa nazo, nimezipigia mstari. Kwenye karatasi tupu nikakaa dakika kumi nikaandika oksidesheni, nikapata asidi ya ethanoiki, nikaona haifanani nikaiacha hivyo hivyo. Mzee aliandika pembeni kitu kimoja tu: "Hesabu kaboni." Mbili zimekuwa tatu, na ukiona kaboni imeongezeka moja unaanza kufikiria sayanaidi. Ethanoli unaigeuza bromoethani, hiyo unaichemsha na potasiamu sayanaidi ndani ya alkoholi unapata nitraili, nitraili unaichemsha na asidi, umefika. Toka siku hiyo ogani ikawa kama barabara za Busia, najua ukitaka kufika soko usipite kwa kastamu. Ukurasa mmoja mkubwa, kila kompaundi ni kijiji, mishale ndio njia, juu ya mshale unaandika kemikali na hali yake, na unauchora bila kuangalia kitabu, unakosea, unauchora tena. Wewe unayeruka ogani anzia hapo, usianzie ukurasa wa kwanza wa noti.

Kuhusu simu. Kuzima data hakukunisaidia, unazima unawasha, ni kidole tu. Nilikuwa nampa mama wa chapati pale steji ya boda, asubuhi nikirudi kumsindikiza mama na mzigo, kama saa kumi na moja na nusu hivi. Nikiitaka lazima nitembee mpaka pale mbele ya vijana wote wa boda na yule mama anauliza kwa sauti, "Daktari, tayari umemaliza?" Aibu ile mtu hawezi kuinunua dukani. Jioni nachukua simu nakula na kikomando (chapati na maharage) pale pale. Tafuta mtu wako mwenye mdomo.

Na usidhani nilipona. Juni 2014 ikaja Kombe la Dunia la Brazil, mechi saa moja, saa tano, mpaka usiku wa manane, na mimi nikawa mkaazi wa kibanda cha video. Wiki nne karibu. Pepa ya biolojia ikakaa kwa mzee bila kuchukuliwa. Usiku ule Ujerumani inampiga Brazil 7-1 nilitoka pale saa saba najisikia kama hizo goli nimefungwa mimi. Kesho yake nikaenda kwa mzee na karatasi nusu, maswali mawili tu, nikijua atanifukuza. Akaangalia, akasema, "Brazil walikuwa hawana beki." Kumbe na yeye aliangalia! Akachukua ile nusu, akanipa pepa yangu. Hapo nilijifunza kwamba ukikatika unarudi na ulichonacho. Mimi wa zamani ningechora taimtebo mpya kwanza, ya rangi tano.

Praktiko usiache kabisa, maana ile haisomeki kitandani. Kwa biolojia nilikuwa nakamata vyura kwenye mitaro ya Sofia mvua ikinyesha, watoto wananifuata wanadhani nimerukwa, pamba na klorofomu rafiki yangu alikuwa anatoa kwenye maabara ya shule kwa ruhusa ya mwalimu wake. Wa kwanza nilimkata mshipa damu ikajaa kote sikuona kitu. Wa tano nikaweza kuonyesha mishipa inayorudisha damu kwenye moyo na kuichora kwa mistari safi bila kivuli (kivuli ni kukosa alama, wachoraji wazuri kama mimi ndio tunaumia hapo). Kemia titresheni ni mkono tu, rudia mpaka zile namba zako zinakaribiana. Na mkono huo utauhitaji mbele, ukiingia meno utachonga jino la nta mpaka uote ndoto za molari.

Kwa wiki zako 11, kwa kweli sitakupa taimtebo, unazo za kutosha nina uhakika. Kemia pepa ya pili ya mwaka wowote, leo, masaa mawili na nusu kwa saa ya ukutani, na ulichoandika, kesho asubuhi mpe mwalimu wako au mtu wa darasani anayekushinda na asiyekupenda sana. Mwambie sheria ya karatasi kwa karatasi. Fizikia ipe siku mbili kwa wiki, GP soma gazeti ukiwa chooni inatosha.

Mara ya pili nilipata A, A na B ya fizikia, 48 kabla ya vile vya S4, Agosti 2015 nikaingia, miaka ya mwanzo mnasoma anatomia na watu wa MBChB (udaktari wa binadamu) darasa moja, alafu miaka mitano yangu ikawa zaidi ya mitano kwa sababu ya corona, hiyo ni stori nyingine. Matokeo yalipotoka nilimpelekea mzee sukari kilo mbili nikamwomba ile pepa yangu ya mwisho, ya kemia, niliyomwachia wiki moja kabla ya mtihani, nilikuwa nataka kujua tu nilipata ngapi. Akapokea sukari, akanipongeza, alafu akanyoosha mkono akauliza nyingine iko wapi.

Sikuwa nayo. Ile bado iko kwake.