Preludi ya Chopin ya E maina: tempo, key na ile huzuni yake

Mkuu umeuliza ile preludi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin ya E maina (minor; Op. 28 namba 4) ichezwe spidi gani, key yake, yaani ngazi ya sauti, ikoje na kwanini ina huzuni vile. Mi nimekaa nayo mwaka mzima hapa Bagamoyo, ngoja nikwambie nilipokosea maana naona na wewe unaelekea hukohuko.

Juu imeandikwa Largo, yaani taratibu sana, na wengi tukiona Largo tunaburuza. Nilijifunzia kwenye kinanda cha umeme cha kwaya, nimeweka sauti ya ogani, naburuza mpaka inakaribia dakika tatu na najua nimepatia. Siku moja nikaenda kwa mama mmoja mwalimu ana piano ya mbao ya zamani, masika imeanza, vitufe vimevimba kidogo na hewa ya chumvi ya huku imeshaanza kula nyaya. Nikagonga noti ya B mkono wa kulia, nikashikilia, kabla sijafika noti ya C ile B imeshazimika kabisa, kimebaki kidole juu ya kitufe. Akanisimamisha: "Mwanangu, hiyo sauti imeshakufa, unamsubiri nani?"

Ndo kiini chenyewe. Ogani ukishikilia kitufe sauti inakaa, ila piano nyundo ikishagonga waya sauti inaanza kufifia papo hapo, na melodi yenyewe inaanza na B ndefu alafu C fupi, tena B ndefu, C fupi, ukichelewa hazishikani. Kisha akanionyesha kitu nilichokuwa nakipita kila siku, ile alama kama herufi C iliyokatwa mstari pale mwanzoni, yaani unahesabu mbili kwa baa (kipimo kati ya mistari miwili ya wima) sio nne. Mkono wa kushoto unagonga mara nane kila baa, ukihesabu kila pigo inakuwa kama mtu anatwanga kisamvu. Chukua mapigo manne ya kwanza pumzi moja, manne ya pili pumzi nyingine. Mi naanza na metronomu (kifaa cha kugonga mwendo) 56 kwa dakika, kila mgongo noti moja ya robo, nikizoea naizima. Baa ziko 25 tu, kwa mwendo huo inaisha kama dakika mbili hivi.

Key kwa sisi wa solfa (doh, re, mi): doh ni G, ila nyumbani, pale wimbo unapotulia, ni la, yaani E. Hiyo B na C ni mi na fa, ziimbe kwanza kabla hujagusa kitufe.

Huzuni usiseme ni maina peke yake, mbona kuna nyimbo kibao za maina watu wanacheza mpaka jasho. Sikiliza mkono wa kushoto, sauti tatu zinagongwa pamoja, alafu moja inashuka nusu toni (hatua ndogo kabisa), baadae nyingine, hazishuki zote kwa mpigo, kama watu wanavyoondoka msibani, mmoja anaaga, wengine bado wamekaa. Baa ya 16 mpaka 18 Chopin kaandika stretto, yaani ongeza mwendo, hapo songa mbele na upige kwa nguvu kweli, ndo sehemu pekee anapolia kwa sauti. Karibu na mwisho kuna kimya, kiache kikae, usikimbilie zile kodi (chords, noti zinazogongwa pamoja) tatu za mwisho, ziguse taratibu mno.

Na mazishi yake Chopin mwenyewe, Paris, Oktoba 1849, preludi hii ilipigwa kanisani kwa ogani. Kwa ogani hata ukienda taratibu sana B haifi. Wewe una piano.

Ukirekodi nitumie, nitaanza kusikiliza hiyo B ya kwanza.